UZI: Ukisema ramani ni mbovu, taja na mahali ilipoharibika

#1 · Mwenye uzi, Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Walioko Iringa na Njombe, kamwene.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita na nimeona nilimwage hapa, maana wengi wenu mnajenga au mnacheza ramani za magari, na wengine mnasimamia magrupu kama mimi.

Grupu letu ni la wapenzi wa Euro Truck Simulator 2 (ETS2), lile gemu la kompyuta la kuendesha malori, wa huku Nyanda za Juu Kusini. Mtu akijenga ramani anaituma kwanza kwa wakaguzi. Tuko watano. Tukiridhika inapandishwa kwa wote. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Chimala akatuma ya kwake, kipande tu cha barabara kuu ya Dar hadi Tunduma: Igawa, Chimala, Igurusi, kuishia Uyole. Alikuwa ameijenga miezi saba kwenye kompyuta ya kuazima, ambayo anaipata jioni tu mwenyewe akishafunga kazi.

Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa dukani Mwanjelwa, wateja wamesimama na simu zao za kutengeneza, nikaifungua haraka haraka. Sikuiendesha. Nilibonyeza 0, ile kamera ya kuruka, nikapita juu ya barabara kama ndege, nikaona majani yameota katikati ya lami pale Igurusi, nikafunga. Nikaandika: "Haijaiva. Rudisha."

Mkaguzi akiandika hivyo, grupu zima linajiona limepewa ruhusa. Mmoja akaandika "takataka". Mwingine akauliza hiyo Chimala ni ya nchi gani. Mwingine akamwambia arudi akalime mpunga. Mpaka usiku maoni yalipita arobaini, na katika yote hayo hakuna hata moja lililosema tatizo liko wapi. Siku ya tatu kijana akafuta faili lake, akatoka kwenye grupu.

Nakala ilibaki kwenye mashine yangu. Jumapili moja usiku nikaamua kuiendesha: Scania, tela, mzigo wa saruji, naanzia Igawa. Wakuu, nilinyamaza. Kushoto milima imekusimamia, kulia mbuga ya Usangu imelala mpaka macho yanachoka, kama ilivyo kweli ukija huku Mbeya. Magari yanapita kushoto. Ukikaribia Chimala kuna kibao cha 50, mbele yake tuta, na mbele ya tuta trafiki amejificha kwenye kivuli cha mwembe na tochi yake ya kupimia mwendo. Pembeni akina mama wamepanga madebe ya mchele juu ya viroba vilivyokunjwa. Ameweka hata mchepuko wa Matamba, ile barabara ya kona 57. Haipandi mbali, inaishia kwenye kona ya pili, lakini ipo, na udongo wake ni mwekundu.

Kasoro nilizozikuta ni tatu. Majani ya Igurusi. Ufa kati ya daraja dogo na ardhi, tairi la nyuma linazama. Na GPS inagoma kukupeleka Uyole kwa sababu kipande kimoja cha barabara hakikushikana na mwenzake. Zote tatu ni kazi ya jioni moja. Miezi saba ya mtu nilikuwa nimeifukia kwa kazi ya jioni moja.

Nilimtafuta, nikamwomba radhi kwa simu na kisha mbele ya grupu. Alinijibu kwa upole ambao ulinichoma zaidi: "Kaka, mlisema mbovu. Ningejua wapi, ningerekebisha."

Basi ndiyo hoja yangu wakuu. Maoni yasiyotaja mahali hayamsaidii mjenzi, na mkaguzi asiyeendesha hana haki ya kukataa wala ya kupitisha. Naendelea hapo chini, naomba mnivumilie.

#2 · Mwenye uzi

Sasa "kutaja mahali" inafanyikaje, maana najua wengi hamjawahi kuonyeshwa.

Ingia kwenye folda ya ETS2 ndani ya Documents, fungua faili la config.cfg, tafuta mistari ya g_developer na g_console, zote mbili ziweke "1". Ukiwa ndani ya gemu, ukikuta kasoro, simama hapo hapo, bonyeza F11. Gemu litapiga picha ya skrini na litaandika mstari kwenye faili linaloitwa bugs.txt. Mstari ule una namba za mahali ulipo. Unaunakili, unamtumia mjenzi. Yeye akifungua konsoli, yaani kile kidirisha cha kuandikia amri ndani ya gemu, akaandika goto na zile namba, anasimama pale pale uliposimama wewe. Hakuna kubishana kama ni kabla ya daraja au baada ya daraja.

Gemu likizima ghafla, usiandike tu "inakrashi". Kuna game.log.txt kwenye folda hiyo hiyo. Shuka mpaka mwisho, chukua mistari ya mwisho yenye neno ERROR, ndiyo inayoonyesha gemu lilijikwaa wapi. Mara nyingi utakuta linatafuta mti au nyumba ambayo mjenzi alisahau kuifungasha.

Na kabla hujamlaumu mtu angalia modi nyingine (nyongeza za gemu) ulizowasha. Ramani ya ETS2 imekatwakatwa katika miraba, kila mraba una mafaili yake. Ukiwasha ramani mbili zinazogusa mraba mmoja, ile iliyo juu kwenye orodha ndiyo inayosikilizwa, ya chini inamezwa. Unakuta barabara imekatika hewani, unamtukana mtu ambaye kazi yake ni nzima. Nimeamua ugomvi wa namna hii mara nyingi kuliko wa kasoro za kweli.

#3 · Mchangiaji, Vwawa

Mkuu nimekuelewa, ila usitubembeleze sana. Tukianza kumwonea huruma kila mtu grupu litajaa ramani za ovyo. Mimi nanunua bando kwa hela ya kuungaunga, nashusha GB 2, nafika ndani nakuta barabara moja na miti sita. Hiyo nayo ni haki?

#4 · Mwenye uzi

Una haki kabisa mkuu wa Vwawa, na hilo la bando nalichukulia kwa uzito. Ndiyo maana tumeweka kwamba mjenzi aandike ukubwa wa faili na urefu wa njia kabla mtu hajabonyeza kushusha. Ramani ya njia moja ikiwa na GB 2, karibu kila mara ni picha za mabango na kuta zimewekwa kwa ukubwa usio na kazi. Unamwambia azipunguze, na unamwambia ni zipi.

Kuendesha ramani si kumwonea mtu huruma. Ni kwamba ukikataa, ujue unakataa nini. Kuna vitu tunavikataa mlangoni bila hata kuwasha gemu. Faili la ramani ni .scs, na mara nyingi ukilifungua kwa programu ya 7-Zip linafunguka kama zipu ya kawaida, unaona kila kilichomo. Mtu akituletea .exe, yaani faili la programu, eti ndiyo "kisakinishi cha ramani", hatuna mazungumzo. Ramani haihitaji .exe. Vilevile kiungo kinachokuzungusha kwenye kurasa tano za matangazo kabla hujaliona faili, kinarudi kwa mwenyewe.

Halafu kuna wizi, nao una kisa chake, nitausimulia.

#5 · Mchangiaji, Mafinga

Habari kaka. Mimi ni dada mpenzi wa haya magemu, kwa bahati mbaya sina kompyuta, nacheza Bus Simulator Indonesia kwenye simu. Swali langu ni la ramani ya Iringa–Mbeya mliyopandisha mwaka jana, niliiona kwa kaka yangu. Nyororo haimo! Kutoka Mafinga unatahamaki uko Makambako. Sisi wa Mufindi tumekosa nini?

#6 · Mwenye uzi

Dada wa Mafinga, karibu sana, na swali lako ndilo linalogombanisha watu kuliko yote.

ETS2 haijengwi kwa urefu halisi. Kipimo cha gemu ni 1 kwa 19, yaani kila kilomita 19 za barabara zinabanwa kuwa kilomita 1. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Gawanya, unabaki na kama kilomita 16 za kujengea. Ndani ya hizo 16 mjenzi anatakiwa aingize misitu ya Sao Hill, Mafinga na mbao zake, mizani ya Makambako na ile njia panda ya Njombe, uwanda wa Igawa, Chimala, Igurusi, kisha mlima mpaka Uyole. Hapo lazima kijiji fulani kikose nafasi, na kila kijiji kina mwenyewe.

Kwa hiyo "Nyororo haimo" hatulipokei kama kasoro. Tunalipokea kama ombi, na ni ombi halali. Tunamuuliza anayelileta: ukipewa mita 200, unataka kionekane nini ili mtu wa kwenu aseme hapa ni nyumbani? Wewe ungejibu nini? Niandikie. Mjenzi bado anaifanyia kazi, na akipata kitu kimoja cha kushika anaweza kukupa Nyororo yako.

Na kuhusu simu, usijione mgeni. Hiyo Bus Simulator Indonesia yako (BUSSID) ilitoka Indonesia mwaka 2017, na kule wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana ilituingia upesi. ETS2 ni ya Ulaya, vipande vyake vingi vya makutano vimetengenezwa kwa watu wanaoendesha kulia. Mjenzi asiyejua anachukua kipande cha Ujerumani anakibandika Uyole, na magari yote yanakuja usoni kwako. Anatakiwa achukue vya Uingereza. Hili ni jambo la kwanza ninaloliangalia siku hizi nikiwasha ramani: nasimama njia panda, nasubiri gari la kwanza, naangalia limeshika upande gani.

#7 · Mchangiaji, Ilula

Sawa wakuu. Mimi naendesha lori kweli, Dar–Tunduma, mwaka wa kumi na nne huu. Mwanangu ndiye anayecheza. Alinikalisha kwenye ramani moja ya mlima Kitonga akaniambia baba nikague. Barabara nzuri, miti mizuri, mibuyu ipo kule chini kabla ya Ruaha Mbuyuni. Lakini kona moja wameikunja kama kona ya mtaani. Gari lenye tela haliwezi kupita pale bila kumfuata anayepanda kwenye upande wake. Na mteremko ni wa kitoto, nimeshuka gia ya juu kabisa sijashika breki. Kitonga haishuki hivyo. Sisi tumefundishwa gia utakayopandia ndiyo hiyo hiyo ushukie nayo. Kijana akizoea ya kwenye kompyuta atakuja kutuulia watu.

#8 · Mwenye uzi

Mzee wangu wa Ilula, shikamoo, na asante sana. Naomba kila mtu arudie kusoma #7. Mzee ametaja mlima, ametaja kona, amesema gari la aina gani linakwama na kwa nini, ametaja mteremko na akasema aliupimaje, kwa gia na breki. Hajamwita mtu takataka. Mjenzi akisoma vile anajua kesho afungue wapi.

Ningekuomba kitu, mzee. Mwambie kijana wako akusaidie kuupata ule mstari wa bugs.txt kwenye hiyo kona, anitumie faragha. Na kama utakuwa na nafasi safari ikiwa imelala Uyole, pita dukani nikukalishe kwenye kipande cha Inyala kabla hatujakipitisha. Mteremko ule umeua watu wa kweli, sitaki tuujenge kama mchezo wa kuteleza. Wakaguzi wote watano hatujawahi kushika usukani wa tela. Hatuwezi kujua unachokijua.

#9 · Mchangiaji, Mbalizi

Mkuu, na nyie Mbeya mjini mnatuchanganya. Mmepandisha ramani inayoonyesha barabara ya njia mbili kutoka Nsalaga mpaka Ifisi wakati kila mtu anaona inapanuliwa kuwa njia nne. Nimeandika "imepitwa na wakati" mkanifutia maoni. Hiyo si uonevu?

#10 · Mwenye uzi

Nimeangalia, mkuu. Ni kweli yalifutwa, na hayakustahili kufutwa. Nimemwomba mwenzangu ayarudishe. Tulikuwa tumeanza kufuta kila kitu kifupi kwa kuogopa yale ya Chimala yajirudie, tukaangukia upande wa pili.

Tumekubaliana hivi tangu leo mchana. Maoni ya matusi yanafutwa, na aliyeyaandika anaambiwa kwa nini. Maoni mafupi yasiyotaja mahali hayafutwi, yanajibiwa kwa swali moja: "Wapi?" Akijibu, yanahesabika. Asipojibu kwa siku tatu, yanafungwa yakiwa pale pale yakionekana. Na kila ramani iandikwe kwenye maelezo yake inaonyesha barabara ya mwaka gani. Ya Nsalaga–Ifisi ilijengwa kabla ya upanuzi, hilo si kosa la mjenzi, ila mtu anayeishusha anatakiwa ajue.

Sasa kile kisa cha wizi. Baada ya kijana wa Chimala kufuta ramani yake, ikatokea nyingine kwenye grupu jirani, jina jipya, mjenzi mpya. Kwenye manifest.sii, lile faili linalobeba jina la mjenzi, palikuwa pameandikwa mtu mwingine kabisa. Tungethibitishaje? Kijana mwenyewe ndiye aliyetuambia: "Nendeni Igurusi, kibanda cha tatu mkono wa kulia." Kule, kwenye uwanda wa mpunga wa Mbarali, alikuwa amepachika kibao cha MCHELE WA KYELA. Alikosea, alikuwa na picha moja tu ya kibao cha mchele akaitumia, akapanga kuibadilisha baadaye. Tukafungua ile ya mwizi. Kibanda cha tatu, mkono wa kulia, mchele wa Kyela unauzwa Igurusi. Tukalinganisha na mafaili ya miraba, yakawa yale yale, hata ukubwa haukupishana.

Wasimamizi wa lile grupu waliiondoa siku ile ile, nawashukuru. Lakini nawaambia wajenzi: tunzeni nakala zenu za zamani, zile mbovu mbovu za mwanzo. Mwizi anakuwa na ramani iliyokamilika tu. Hana ile ya mwezi wa kwanza yenye barabara moja na miti sita. Na wanaochora njia kwa kufuatisha OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, itajeni kwenye maelezo. Ni masharti ya leseni yao, na ni heshima kwa waliotembea kwa miguu kuzichora hizo barabara za vijijini kwetu.

#11 · Mchangiaji, Vwawa

Nimerudi. Lile swali la "Wapi?" nalikubali. Nami nikiri, kati ya yale maoni arobaini, langu nalo limo. Nilisema hiyo Chimala ni ya nchi gani. Sikuwa nimeifungua. Kama kijana yupo humu, mdogo wangu nisamehe.

#12 · Mchangiaji, Chimala

Nipo kaka, nilikuwa nasoma tu. Yameisha.

Toleo la pili nimelituma kwa wakaguzi jana usiku. Majani nimeyatoa. Ufa wa daraja nimeuziba, ila naomba mtu apite na tela zito, mimi nimepita na kichwa kitupu tu kwa sababu umeme ulikatika. GPS sasa inafika Uyole, kile kipande kilikuwa kimepishana kidogo sana na mwenzake, kwa macho huwezi kuona. MB 310, njia moja, hali ya barabara ni ya mwaka huu.

Kibao cha mchele sijakibadilisha. Mama yangu amesema kikae.

#13 · Mwenye uzi

Nimeipata, mdogo wangu. Nimetoka Igawa saa mbili na nusu usiku na tani 22 za mbolea. Daraja nimepita mara tatu, kwenda, kurudi, kwenda tena, tairi halizami. GPS imenifikisha Uyole bila kugoma.

Kasoro ni moja: baada ya Igurusi, tuta la pili halina kibao, nimelivaa kwa kasi. Mstari wa bugs.txt nimekutumia faragha na picha. Ukishaweka kibao tu inapanda.

Mzee wa Ilula, nakusubiri Alhamisi dukani. Dada wa Mafinga, bado sijaiona ile mita 200 ya Nyororo.